Nilimwambia Mtani Ukweli, Akacheka

Mlioanza nami mnakumbuka nilipoishia. Kiwanda nilichokuwa mtunza stoo pale Kihonda kilifunga geti, nikabaki na mke, mtoto wa bweni, na kigari cha bluu nilichokipenda kuliko baadhi ya ndugu zangu. Mnakumbuka pia tulivyokuwa tunateremka kutoka Kinole, tulikokwenda kumsalimia mama. Nilikanyaga breki, mguu ukafika sakafuni, na gari likaendelea na safari zake. Mimi na mke wangu Joyce tuliokolewa na ukingo wa udongo.

Kama umejiunga leo, karibu. Naitwa Bonifasi. Hujakosa kitu kizuri, na mabaya yenyewe yanaanzia hapa.

Fundi alinieleza vizuri. Kwenye tambarare breki zile hazina neno. Tatizo ni mteremko mrefu: zikishapata moto, zinaachia. "Mfumo mzima wa breki ubadilishwe," akasema. Sikuwa na kazi wala cha kubadilishia. Nikakiegesha kigari uani, nikakiosha hadi kikang'aa, nikatangaza nakiuza.

Habari ya breki sikuitangaza.

Wengi walikuja kushangaa tu na kupiga mateke matairi. Aliyekuja kununua kweli alikuwa mtani wangu Bernadeta.

Bernadeta ni nesi kwenye zahanati moja kule Mlali. Anaishi hapahapa Kihonda, mitaa michache kutoka kwangu, na kwao ni Kinole kama kwetu. Ukoo wake na ukoo wetu ni watani tangu enzi za mababu. Kwa msomaji asiye Mluguru niseme hivi: mtani anaweza kukutukana mbele ya mkweo na huna ruhusa ya kununa. Baba yangu alipofariki, ni akina Bernadeta waliolala mlangoni kuzuia jeneza lisitoke, wakidai mzee haendi popote kwa kuwa bado hajamaliza uchoyo wake. Tulicheka machozi yakitutoka. Na ni haohao waliochimba kaburi.

Basi kati ya watani neno halichukuliwi kwa uzito. Hata likiwa zito.

"Hodi humu! Hawa wachoyo wapo?" aliita siku ile kutoka getini.

"Wapo, lakini leo hatujapika cha kuombwa."

Aliingia ameshika kiuno, akajishusha kwenye kiti taratibu. Sikuwahi kumwona akikaa hivyo.

"Mgongo, mtani," akasema. "Bodaboda kila siku, Kihonda hadi Mlali na kurudi. Nahudumia wagonjwa huku mwenyewe natembea kama bibi harusi aliyeazima viatu. Sasa nataka gari."

"Gari la namna gani?"

"La mtu wa kawaida. Kiti kiwe laini, lisiwe mlevi wa mafuta, spea zipatikane hapahapa mjini. Nimezunguka hadi nimechoka. Moja kiti chake kigumu kama benchi la kanisani. Lingine refu, zuri, lakini likiona kituo cha mafuta linataka kuingia lenyewe. La juzi nilikuwa nimeshalipenda, mwenyewe akaniomba tulisukume kwanza."

Nikacheka. Halafu nikauliza swali nililokuwa naliogopa.

"Na mlimani je? Kinole utakuwa unapanda nalo?"

"Nipande nalo likafanye nini? Kule nitaendelea na bodaboda mara mojamoja. Hili la kazini tu. Kihonda, Mlali, Kihonda. Lami tupu, hakuna mlima wa maana."

Jibu hilo lilinishukia kama msamaha. Angesema atapanda nalo mlimani, nadhani ningemwambia. Nadhani. Sina hakika, na hilo nalo linanitesa.

Nikampa ufunguo. Akaendesha hadi Msamvu na kurudi, mimi nimekaa pembeni yake. Aliendesha vizuri kuliko mimi. Breki zikashika kila alipotaka, tena kwa adabu, kama mtoto mbele ya wageni. Tuliporudi uani hakushuka. Alifumba macho, mgongo ameuegemeza.

"Mtani," akasema, "hiki kiti kimeusikia mgongo wangu. Umenyamaza. Nalichukua."

Hapo dhamiri ikanichoma. Nilijua lazima niseme. Na nilikuwa na sauti mbili za kusemea: sauti yangu ya kawaida, ile ninayoulizia bei ya unga, na sauti ya utani. Nilipata muda wa kuchagua. Nisijifanye nilipitiwa.

Nikakunja sura, nikapandisha mabega, nikaikokota sauti.

"Chukua mtani, chukua ukafe. Hili likianza kuteremka mlima linasahau kwamba lina breki. Likifika bondeni ndiyo linakumbuka!"

Bernadeta alicheka hadi akalalia usukani.

"Na wewe ukifungua mdomo unasahau kwamba una akili! Unaona wivu mimi nitakalia kiti laini wewe ukitembea kwa miguu."

"Nakuambia ukweli."

"Watu wa ukoo wenu ukweli mliujulia wapi?"

Tukacheka wote. Kicheko changu kilikuwa kikubwa kuliko chake.

Joyce alikuwa mlangoni anapepeta mchele. Yeye ni mtu wa Singida, na hana utani wowote na Bernadeta. Ungo ulisimama mikononi mwake. Hakucheka.

Tulipatana bei siku hiyohiyo. Bernadeta akaondoka na gari akipiga honi barabara nzima. Geti lilipofungwa, Joyce akaja.

"Baba Furaha, umemwambia?"

"Si umesikia mwenyewe? Nimemwambia waziwazi."

"Nimesikia ulivyomchekesha."

"Wewe si mtu wa huku. Mambo ya utani huyajui."

"Nayajua kiasi cha kutosha. Ulijua hatakusadiki, ndiyo maana ukasema."

Nikakasirika. Mtu akikugusa penye donda lazima urushe mkono. Nikamwambia aende akapike. Akaenda, lakini na yeye hakutoka kumfuata Bernadeta. Shule ilikuwa imetupigia simu asubuhi ile kuhusu ada ya Furaha. Siwezi kumlaumu Joyce; yeye alinyamaza tu, mimi ndiye niliyeuza.

Siku za mwanzo nilijifariji na lami ya Mlali. Kila asubuhi kigari cha bluu kilipita mbele ya nyumba yetu, honi fupi, mkono dirishani. Bernadeta alianza kutembea wima. Alisuka nywele. Watu wakamwambia amepungua miaka, naye akawaambia wote kwamba ni kwa sababu ya mtani wake Bonifasi.

Kila aliponisifia, chakula kilinikataa.

Jumapili moja padri akiwa ameshika hostia nilibaki nimekaa kwenye benchi. Waliokuwa nyuma yangu wakanipita. Joyce alirudi kutoka kukomunika akapiga magoti pembeni yangu.

Wiki hiyo Bernadeta akaja na mkungu wa ndizi na fungu la mdalasini. Alikuwa amepanda Kinole kwa bodaboda kusalimia kwao.

"Hivi vimetoka kwa mama yako," akasema. "Kaniambia niwape hawa wachoyo. Lakini mtani, sasa naongea kama nesi. Miguu yake imevimba, na akitembea kidogo anahema. Lazima ashuke apimwe."

"Nitamfuata."

"Bodaboda hataki. Anasema hawezi kukaa mgongoni mwa kijana kama mzigo wa mkaa. Tafuta usafiri."

"Nitatafuta," nikasema.

Sikutafuta. Nilikuwa nimejenga mabanda ya kuku, vifaranga vimeingia, na kila siku nilijiambia kesho. Mama naye akipigiwa simu anasema hajambo. Mimi ni nani nimbishie mama?

Lakini usingizi ulianza kunikimbia. Jumatano moja nikaamka nikasema liwalo na liwe, leo naenda Mlali kumwambia kwa sauti yangu ya kawaida. Nikamkuta zahanati, benchi limejaa akina mama na watoto wao, na mzee mmoja ameegemea fimbo. Nikamsogelea.

"Bernadeta," nikasema. Sikumwita mtani, makusudi. "Leo sina mzaha. Lile gari breki zake ni mbovu. Kwenye mteremko mrefu zinaachia. Mimi mwenyewe ziliniachia."

Aliweka chini trei ya dawa, akanitazama. Kwa muda mfupi niliona macho yake yanatafuta kitu usoni kwangu. Nikadhani limeingia.

Akapasuka kwa kicheko.

"Jamani njooni msikie! Kaniuzia gari, kaona nimependeza, sasa analitaka tena!"

"Huyo ni mtani wako?" mzee akauliza.

"Mtani wangu huyu, wa ukoo kwa ukoo."

"Basi achana naye."

Benchi zima likacheka. Mtoto mmoja aliyekuwa analia akanyamaza ili aone kuna nini.

"Haki ya Mungu, Bernadeta!"

"Mungu yupi anayewasikiliza ninyi?"

Wakacheka tena. Na hapa ndipo pa kunitemea mate, msomaji. Ningeweza kupiga magoti. Ningeweza kumvuta pembeni mganga wa zahanati, mtu mzima asiye na utani nami, nikamweleza. Ningeweza kuunyakua ule ufunguo ulioning'inia kiunoni kwake na kukimbia nao. Sikufanya hata moja. Nilicheka nao. Nikarudi nyumbani nimepata nafuu, tena nafuu ya kweli, moyoni najisemea, sasa nimemwambia mara mbili, mtu anataka nini zaidi?

Joyce alipoona nakula nikashiba, akajua kuna jambo. Nikamsimulia. Alinisikiliza hadi mwisho, akafuta mikono kwenye kanga.

"Nitamwambia mimi," akasema. "Jumamosi yuko nyumbani; hadi hapo anaenda Mlali tu. Mimi siyo mtani wake, mimi atanisikia."

"Mwambie kwa upole."

"Nitamwambia pia kwamba ulijua kabla hujaliuza."

"Lazima useme hilo?"

"Hilo ndilo litakalomfanya asadiki."

 Kati ya Jumatano na Jumamosi nilitamani Joyce asahau. Sikutamani Bernadeta aumie, hapana. Nilitamani tu nisijulikane. Mtu anaweza kuyatamani yote mawili kwa wakati mmoja, na mimi ndiye shahidi.

Jumamosi ikafika. Joyce akafunga kitambaa kichwani, akatoka kabla ya chai. Nikabaki nawawekea kuku maji. Hata vyombo havijajaa, nikasikia geti limepigwa ukutani.

Alikuwa anahema, kanga imemteleza begani.

"Gari halipo," akasema.

"Kaenda sokoni labda."

"Jirani yake anasema kapanda nalo mlimani alfajiri. Kinole."

"Alisema hatapanda nalo! Aliniambia mwenyewe, hili la kazini tu!"

"Kaenda kumchukua mgonjwa."

"Mgonjwa gani?"

"Piga simu kwa mama," Joyce akasema. Chombo cha maji kikaniponyoka.

Nikapiga simu ya Bernadeta. Haipatikani. Nikapiga ya mama. Haipatikani. Kule mlimani mtandao unakamata sehemu sehemu. Watu wana mahali pao pa kusimama wakitaka kuongea na simu. Nikapiga tena, nikapiga tena. Nikafikiria kukodi bodaboda nikawawahi, lakini hadi nifike huko wangekuwa wameshaanza kuteremka. Nikazunguka uani, kuku wananifuata wakidhani nina pumba.

"Piga," Joyce akawa anasema. "Usiache kupiga."

Simu ikaita yenyewe mkononi mwangu. Bernadeta.

"Mtani!" Alikuwa anacheka. "Nimekuibia!"

"Uko wapi?"

"Nimekuibia nakuambia! Uliza nimekuibia nini."

"Bernadeta, uko wapi?"

"Nimemchukua mama yako. Ninaye hapa kiti cha nyuma, kajifunga blanketi kama mwali. Nilikuambia utafute usafiri, ukakaa kuhesabu vifaranga. Sasa nampeleka hospitali mwenyewe, na ukimtaka uje umkomboe. Si unajua kazi ya mtani?"

"Simamisha gari. Kama hamjaanza kuteremka, msiteremke."

"Limeanza tena hilo!" Akaweka simu kwa sauti ya juu. "Mama, msikie mwanao. Anaogopa gari lake mwenyewe."

"Bonifasi," mama akasema. Sauti yake ilikuwa na pumzi fupifupi, lakini ilikuwa na furaha. "Mwache mwenzako aendeshe. Kiti hiki laini kweli, miguu haiumi. Kumbe ulikuwa na gari zuri namna hii na hukunipandisha."

"Mama, shukeni! Shukeni mkae barabarani, nakuja!"

Wakacheka wote wawili. Mama alicheka hadi akakohoa.

Nikaanza kulia. Nililia kwa sauti, mwanaume mzima katikati ya mabanda ya kuku, nikiita mama. Na Bernadeta, kwa kuwa kwetu mtani hulia uongo hata msibani, akanipigia vigelegele.

Joyce akaninyang'anya simu, naye akaiweka sauti ya juu.

"Bernadeta, ni mimi, Mama Furaha. Mimi na wewe hatuna utani."

Vigelegele vikakatika.

"Shikamoo mama," Joyce akasema kwanza, kwa kuwa alijua mama anasikia. Mama akaitikia. Kisha Joyce akasema yote, polepole, bila kupandisha sauti. "Breki za hilo gari zinaachia kwenye mteremko. Zilituachia mimi na mume wangu barabara hiyohiyo mliyopo. Fundi alimwambia. Alijua kabla hajakuuzia. Na mimi nilijua. Simama sasa hivi."

 Nikasikia injini tu na upepo wa dirishani. Joyce akaniwekea simu mdomoni.

"Bonifasi," Bernadeta akasema. Hakuwahi kuniita jina langu maishani. "Ulijua?"

"Nilijua."

"Ukaniacha nicheke?"

 Nikamsikia mama nyuma yake akivuta pumzi, na nikajua na yeye amesikia.

"Tumeshaanza kuteremka," Bernadeta akasema. Sasa ilikuwa sauti ya nesi. "Tumeshapita kona mbili. Kaa vizuri mama, shika hapo. Ngoja nisimame huku pembeni."

Injini ikavuma. Mawe yakagonga chini ya gari. Bernadeta akaanza kuhema.

"Weka gia ndogo!" nikapiga kelele. "Bernadeta, gia ndogo! Vuta hendibreki taratibu, tafuta ukingo upande wa mlima! Unanisikia?"

 Aliyeongea alikuwa mama, kwa sauti ya kawaida kabisa.

"Mwanangu Bernadeta, mbona hatusimami?"